Sehemu ya viti vya magurudumu Mkunguni: nafasi ngapi, iinuliwe kiasi gani, na nani azuie watu wasisimame mbele?

MwanaLangoni

Assalam aleikum jamaa. Vijana wa kamati tumepewa kazi ya kupanga watazamaji wa ngoma za usiku pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Kuna kirumbizi (ngoma ya fimbo), goma, mashairi, halafu taarabu ya kufungia, kuanzia baada ya Isha hadi kama saa nne na nusu. Viti vya plastiki ni 400, na wanaosimama huwa wengi kuliko waliokaa. Ngoma zinachezwa chini, kwenye uwanja wenyewe. Taarabu peke yake ndiyo yenye jukwaa, kimo cha mita moja hivi.

Wenye viti vya magurudumu wametengewa kona moja. Tatizo kila mtu hapa analijua: kamba inafungwa, karatasi inabandikwa, watu wanaitikia vizuri, kisha kirumbizi kikipamba moto kuna ukuta wa migongo mbele ya kamba. Waliomo ndani wanasikia zumari, hawaoni fimbo hata moja.

Nataka kujua nafasi ziwe ngapi na kila moja ukubwa gani, tuwajengee ulingo au tuwaweke mbele kabisa, kila mmoja aje na watu wangapi, na mhudumu wa kamba aseme nini asije akagombana na watu. Kuna na wageni wa kuvuka kwa boti kutoka Mokowe, bara. Tafadhali nipeni vipimo. "Inategemea" nimeshaisikia ya kutosha.

SeremalaMatondoni

Waaleikum salaam. Pole, nitaanza na "inategemea" moja tu, maana kimo cha ulingo chote kinatoka hapo. Nani yuko mbele ya kiti, na amekaa au amesimama?

Mtu mzima akiwa kwenye kiti cha magurudumu, macho yake yako kama sentimita 110 hadi 130 kutoka chini. Pigeni hesabu kwa 115, kwani mkipigia mrefu, mfupi hataona. Aliyekaa mkekani kichwa chake kinafika kama 85 au 90. Aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, 125 hadi 130. Aliyesimama, wekeni 175 na kofia yake.

Kwa hivyo mbele kukiwa na mikeka tu, ulingo hauhitajiki kabisa. Mbele kukiwa na safu ya viti vya plastiki, inueni sentimita 30, macho yafike 145 na yapite juu ya vichwa. Mbele kukiwa na watu waliosimama umbali wa mita moja na nusu, na mchezaji yuko mita 10, mambo yanageuka. Ili aone kifua cha mchezaji mnahitaji ulingo wa sentimita 70. Ili aone miguu, na kirumbizi bila miguu si kirumbizi, ni 90 na ushei.

Sasa tazameni gharama yake. Mteremko wa kupandia ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Ulingo wa 30 unadai mteremko wa mita 3.6. Wa 70 unadai mita 8.4. Ukipita kimo cha 76 lazima kuwe na kituo kilicho sawa katikati, urefu mita moja na nusu, kwa hivyo ulingo wa 90 unakula zaidi ya mita 12 za uwanja kwa njia ya kupandia peke yake. Nafasi hiyo hamna. Na msidanganyike mkafanya mteremko wa 1 kwa 6 mkisema "vijana watasukuma". Mwinamo huo unapindua kiti kwa nyuma, hasa mwenyewe akiwa na mkoba umening'inia kwenye vishikio.

Shauri langu: wekeni ulingo wa 30, kisha mbele yake ukanda wa mikeka, kina cha mita mbili na nusu, wa kukaa watoto. Mikeka ndiyo inayofanya kazi, zile sentimita 30 ni akiba: mtoto akipiga magoti kwa furaha, aliye nyuma bado anaona. Ukanda huo ukiachwa mtupu utajaa watu wazima wamesimama kabla goma haijaanza. Sehemu tupu mbele ya ngoma haikai tupu hapa kwetu.

Vipimo vya ulingo. Plaiwudi ya milimita 18, ile ya sentimita 244 kwa 122. Lazeni nne ubavu kwa ubavu, urefu ukielekea ngomani. Mnapata upana wa mita 4.88 na kina cha 2.44. Nusu ya mbele, 122, ni ya kukaa. Nusu ya nyuma ni njia, na hapo hapakai mtu wala mfuko. Kiti kimoja kinataka upana wa 92 na kina cha 122 ikiwa kinaingilia nyuma. Anayemsindikiza anataka 50 kwa kiti chake, ubavuni, kwenye usawa uleule. Jozi tatu ni mita 4.26, na zinabaki kama sentimita 60 za kupumulia. Kichwani mwa mteremko ongezeni kipande cha mita 1.5 kwa 1.5 kilicho sawa, ili mtu ageuke akiwa ameshafika juu na asigeuke akiwa bado kwenye mwinamo.

Chini yake wekeni mbao za inchi nne kwa mbili kila sentimita 40, juu ya miguu ya boriti. Kiti cha umeme na mwenyewe ndani hupita kilo 200 kirahisi, na uzito wote umekaa kwenye nukta nne. Plaiwudi ya 12 itanesa, na ikinesa watu wanaingiwa na hofu hata kama haivunjiki. Mwanya kati ya mbao usizidi milimita 13, la sivyo vigurudumu vya mbele vinazama na kiti kinasimama ghafla. Kingo zote zilizo wazi zipigiliwe ubao wa kusimama wa sentimita 10, pamoja na pande mbili za mteremko. Vishikio vya mteremko viwe kati ya 86 na 96 kutoka chini. Juu pakeni rangi na mnyunyizie mchanga mkavu kabla haijakauka, kwani umande wa usiku pale hufanya plaiwudi iteleze.

Mkimaliza, pimamaji. Mwinamo wa pale wanapokaa usizidi sentimita 2 kwa kila mita. Zaidi ya hapo mtu anakaa saa mbili akijishikilia, na hatasema.

Jambo la mwisho: ulingo usimame kwa miguu yake. Hakuna kutoboa ukuta wa Ngome wala kupiga msumari kwenye mti. Ngome iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, na Mji wa Kale ni Urithi wa Dunia tangu 2001. Ruhusa iombwe mapema, kwa mchoro wenye vipimo.

Mmalindi_Florida

Seremala amemaliza upande wa mbao. Mimi niongeze upande wa taratibu, kutoka bustani za burudani za huku Marekani ambako jambo hili lina kanuni zilizoandikwa.

Idadi kwanza. Kanuni za ujenzi za 2010, zinazotokana na ADA, sheria ya 1990 ya haki za watu wenye ulemavu, zinasema ukumbi wa viti 301 hadi 500 uwe na nafasi 6 za viti vya magurudumu. Kwa viti vyenu 400 ni 6, yaani ulingo mbili za Seremala. Mkifika 600 ni 7. Kanuni hizo hazina nguvu Lamu, lakini ni kianzio kizuri kuliko kukisia. Kwa ngoma ya bure, ambapo wazee wengi watatoka, ningeacha kando ya kila ulingo viti vya plastiki vinne ambavyo havijafungwa pamoja, viondolewe mara moja akija wa saba. Kanuni hizo hizo zinasema pia kwamba mahali ambapo watazamaji wanatarajiwa kusimama, mwenye kiti lazima aone juu ya waliosimama mbele yake. Hesabu ya sentimita 70 mliyopewa hapo juu ndiyo hiyo.

Disneyland ya California, iliyofunguliwa 1955, na Walt Disney World ya hapa Florida, iliyofunguliwa 1971, hutenga sehemu za kutazamia kando ya njia ya maandamano na kwenye maonyesho. Anayewahi ndiye anayepata, na ikijaa imejaa, hata kwa aliyefika na kiti chake. Kundi lina kikomo, na familia kubwa huombwa igawanyike. Semeni hili wazi tangu mwanzo. Ugomvi mwingi hauanzi na wapita njia, unaanza na jamaa wa mwenye kiti waliokuja kumi na mbili wakitaka wote waingie ndani ya kamba.

Kwa tiketi za maonyesho, sheria ya huku inamruhusu anayenunua nafasi ya kiti cha magurudumu kununua nyingine hadi tatu zilizo ubavuni, zikiwapo. Kwenye ulingo wa mita 4.88 hamtaweza tatu. Mwahidini mmoja ubavuni bila mjadala, na wawili wengine wapewe viti chini, nyuma ya ulingo, karibu na mteremko. Waliobaki wakae na watu. Msindikizaji akae, asisimame. Akisimama yeye, mwenye kiti wa jozi inayofuata haoni.

Msidai cheti. Wauza tiketi wa huku hawaruhusiwi kudai ushahidi wa ulemavu, na kuna sababu ya maana: wapo wasio na kadi, wapo wageni, na kuna wenye ugonjwa usioonekana. Kuna jambo jingine watu hulisahau, nalo ni mtoto mwenye ulemavu aliyeletwa kwa kigari cha watoto. Disney hukifunga kigari hicho alama maalumu, wahudumu wakihesabu kama kiti cha magurudumu. Nanyi fungeni utepe wa rangi moja, basi.

Nafasi tupu zisigawiwe kabla ngoma haijaanza. Baada ya hapo gawieni, lakini bakisheni moja mpaka mwisho. Mtu aliyechelewa boti hana kosa.

Kombo_B

Mbona mnajichosha? Miaka yote watu wao huwabeba wakawaweka mbele, wakatazama, wakarudishwa. Sijasikia aliyelalamika.

BiMkomani

Kaka Kombo, hawakulalamika kwa sababu aliyebebwa na watu akalalamika huonekana hana shukrani. Mfikirie mama mtu mzima akishikwa mapajani na vijana asiowajua, mbele ya halaiki. Tena aliyebebwa akawekwa amekwama. Akitaka choo, akitaka kwenda kwao, akichoka na makelele, lazima awasubiri wale wale waliombeba, nao wako kwenye ngoma. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Mteremko wa mita 3.6 ni bei ndogo.

MwanaLangoni, nimeona hakuna aliyekwambia hili: hizo ulingo mbili msiziweke pamoja. Moja iwe upande wa wanawake, moja upande wa wanaume, kama watu wanavyokaa. Ikiwa ni moja, mwanamke atajikuta katikati ya wanaume na mara ya pili hatakuja. Lakini msiifanye sheria ya chuma. Mama anayesindikizwa na mwanawe wa kiume, au bwana na mkewe, wakae pamoja popote wanapochagua. Msimpokonye mtu msaidizi wake.

Wazee wenye fimbo na magongo wasiwekwe kwenye nafasi ya kiti cha magurudumu. Wao wanahitaji kiti chenye mikono, kwani mikono ndiyo ya kujiinulia. Wawekeeni safu yao kando ya ulingo, chini, nyuma ya mikeka. Mkikosa kuwapa mahali pao, mtu atamleta babu yake na kiti cha plastiki akitue katikati ya nafasi ya mwenye magurudumu, na hakuna kijana wa Lamu atakayemwambia mzee ainuke. Hapo kamba yote imekufa.

Mhudumu wa kamba. Wawili kwa kila ulingo, wapokezane kila saa, upande wa wanawake awe mwanamke. Asisimame mbele, maana yeye mwenyewe atakuwa ndiye kizuizi. Akae ukingoni mwa mikeka, ubavuni, mahali anapoona nyuso za walio ulingoni. Akiona shingo zinapindwa, kuna mtu amesimama vibaya.

Maneno yake yawe na mahali pa kwenda. Ukimwambia mtu "ondoka hapa" umemwaibisha, atabisha. Sema: "Shehe, samahani, uliposimama ndipo wenzetu wanapoonea. Njoo hatua tatu huku kwangu, utaona vizuri zaidi." Halafu hakikisha huko kweli panaonekana. Kwa watoto: "Wanangu, ketini mkekani, hapa ndipo pa mbele kabisa." Watoto wakikaa, watu wazima huona haya kusimama juu yao.

Wapiga picha ni shida kuliko wote, na simu zilizoinuliwa huongeza nusu mita juu ya kichwa. Wachorieni chaki pembeni mwa mikeka, mahali pa kupiga magoti, kisha muwaambie kabla ya ngoma. Walinzi wa waheshimiwa nao husimama kwa kazi yao. Nendeni mkakubaliane nao mchana, hema la wageni wa heshima likiwa bado halijafungwa, kwamba wao wakae nyuma ya hema na si mbele yake. Usiku hamtawaweza.

Na kutunza! Kwenye taarabu ndipo mpango mzuri unapovunjika. Mtu anainuka na noti yake, anacheza mpaka jukwaani, nyuma yake wanafuata kumi, na njia fupi inapita mbele ya ulingo wa wanawake. Fungueni njia ya kutunza upande wa pili wa jukwaa, muiweke taa, na mshereheshaji aitaje kabla ya wimbo wa kwanza. Mwenye kiti cha magurudumu naye anataka kutunza. Acheni njia ya sentimita 120, iliyo sawa, kutoka chini ya mteremko mpaka mguuni mwa jukwaa, na mwambieni mwimbaji mapema ashuke ngazi mbili kuipokea. Msimchukulie noti mkononi mkampelekea.

Tangazo la mshereheshaji liwe fupi, lirudiwe kabla ya kila ngoma, kwani watu huja na kuondoka: "Penye mikeka ni pa kukaa. Nyuma yake wapo wenzetu wanaotazama wakiwa wamekaa. Anayependa kusimama, upande wa baharini uko wazi." Lisitaje "walemavu wetu" wala kuwaombea makofi.

Adabu ndogo ndogo, wafundisheni wahudumu. Zungumza na mwenye kiti, usimuulize msindikizaji "anataka nini huyu". Usiegemee kiti wala kutundika mkoba wako, kiti ni sehemu ya mwili wake. Usisukume bila kuulizwa. Kuna watu wenye jeraha la uti wa mgongo ambao kila baada ya dakika 15 hadi 30 hujiinua au kujiegemeza upande, kukwepa vidonda vya kukalia. Ukimwona anafanya hivyo usimkimbilie, lakini nafasi isibanwe mpaka akashindwa.

Choo: mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 au zaidi, na ndani pawe na duara la mita 1.5 la kugeukia. Kama hakuna kilicho karibu, mwambie mtu anapofika, asije akagundua saa tatu usiku.

NahodhaKipungani

Mimi niseme la majini, kwa sababu huko juu mnaweza kupanga vizuri na mgeni asifike.

Tazameni mwezi kabla ya tarehe. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya kwetu hujaa kama saa kumi na saa kumi na moja, jioni na alfajiri, na hukauka kama saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Tofauti yake hufika kama mita 3. Sasa linganisheni na ratiba yenu. Mgeni atavuka saa kumi jioni, boti liko karibu usawa wa gati, kila mtu atasema kumbe rahisi. Ngoma inaisha saa nne na nusu usiku, maji yamekauka, boti liko chini kabisa, na vidato vya chini vimejaa utelezi wa kijani. Kushusha mtu pale usiku ni hatari hata kwa wanaume wanne.

Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: saa nne na saa tano usiku ndipo yanapojaa, na yakitoka hayaendi mbali. Kama tarehe iko mikononi mwenu, ichagueni hapo. Kama haiko, mgeni wa kiti alale Lamu, arudi na maji ya alfajiri.

Kupakia. Muulizeni mwenyewe anashikwaje, yeye ndiye anajua mahali panapomuuma. Kwenye ngazi, kupanda au kushuka, mgongo wake uelekee juu, kiti kiinamishwe nyuma, na mwenye nguvu zaidi ashike vishikio vya nyuma. Wa mbele ashike fremu. Msishike mikono ya kiti wala vikanyagio vya miguu, hivyo huchomoka, na vikichomoka mtu ameanguka. Vikanyagio vivueni kabisa kabla ya kuanza.

Akishaingia, ahamie kwenye benchi la boti na jaketi la kuokolea. Asifungwe kwenye kiti, hata bahari ikiwa kimya. Boti likipinduka, kiti kinamvuta chini. Kiti kikunjwe, kilazwe chini katikati, kifungwe kamba. Kiti cha umeme hakibebwi kwa mikono. Hicho kinangoja maji yajae, kinapita juu ya ubao mpana, kimezimwa umeme, na betri imefunikwa nailoni kwa ajili ya manyunyu ya maji ya chumvi.

Kutoka gatini mpiteni njia ya pwani, msimpitishe Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani ya mji. Kule ndani punda mwenye mchanga na kiti cha magurudumu hawapishani, mmoja lazima arudi kinyumenyume, na punda hajui kurudi.

MwanaLangoni

Shukran sana, wote. Nimechora, ulingo mbili zinaenea na mikeka mbele yake. Yamebaki mawili. Nyaya za jenereta zinakatiza pale pale mteremko unapoanzia. Na kati ya njia ya pwani na ulingo kuna kipande cha mchanga, kama mita saba. Wenzangu wanasema tutandike majamvi juu ya mchanga. Pia, wakati wa kutoka, watoke kwanza au mwisho?

SeremalaMatondoni

Majamvi hapana. Vigurudumu vya mbele vinalikunja jamvi na kulimeza, na kiti kinakwama hapo hapo. Tandikeni plaiwudi ya 12, tatu kwa urefu, zinafika mita 7.3. Maungio yake yawekewe kipande cha plaiwudi chini, upana sentimita 30, vipigiliwe pamoja, la sivyo kila gurudumu likipita ncha moja inazama na nyingine inainuka. Ncha ya mwanzo na ya mwisho ichongwe mwinamo. Kijana mmoja awe na ufagio kila nusu saa, kwani mchanga juu ya plaiwudi unateleza kuliko mchanga wenyewe. Na punda wasipite juu yake, kwa sababu mnazozijua.

Nyaya zipitisheni juu, kwenye nguzo, kimo cha mita 3. Ikishindikana, zihamisheni nyuma ya mteremko. Kinachozidi milimita 6 tayari kinahisiwa na kigurudumu cha mbele, na kinachozidi 13 kinataka mteremko wake chenyewe. Waya wa jenereta una unene wa sentimita 2 na zaidi. Msiufukie mchangani ukiwa na maungio katikati.

Kutoka: waulizeni mmoja mmoja kabla ya wimbo wa mwisho. Anayetaka kuondoka mapema atolewe wimbo ukianza, njia ikiwa bado nyeupe. Anayetaka kusikiliza mpaka tamati akae pale pale, breki zimefungwa, dakika 15 hivi mpaka umati upungue, na mhudumu abaki naye na tochi. Taa za uwanja zisizimwe wala plaiwudi zisianze kung'olewa wakati yupo juu. Mafundi wa jukwaa hupenda kuanza kufungua mteremko kwanza kwa sababu ndio ulio mwepesi, kwa hivyo funguo za bolti zake zikae na mhudumu wa ulingo.

Mmalindi_Florida

Na muwaambie wenye boti idadi ya wanaobaki hadi mwisho, wasije wakang'oa nanga na mtu bado yuko juu ya ulingo.